Maswali ya Wasomaji: Wanaanga na Somo la Sayansi

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu shule zinazozungumza kwa redio na wanaanga walioko katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, na tangu hapo barua zimemiminika. Nyingi zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumechagua sita, tukazifupisha palipohitajika, na mwandishi wetu wa sayansi anazijibu hapa. Majina ya wasomaji tumeyahifadhi.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Nilimpelekea mkuu wa shule makala yenu, naye akaniuliza swali lililonishinda: kuna faida gani ya kuhangaika mwaka mzima kwa ajili ya mazungumzo ya dakika kumi? Na kwa nini ziwe dakika kumi, zisiwe saa nzima? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, naomba nianze na swali lako la pili, maana ndilo linalofungua njia ya kulijibu la kwanza.

Chora duara la dunia lenye nusukipenyo cha kilometa 6,371. Kituo huzunguka kwenye kimo cha takriban kilometa 400, basi umbali wake kutoka kitovu cha dunia ni kilometa 6,771. Kutoka pale ilipo shule yenu chora tanjenti, ambayo ndiyo mstari wa upeo wa macho, mpaka ikutane na njia ya kituo, kisha unganisha nukta hizo mbili na kitovu cha dunia. Umepata pembetatu mraba. Kosaini ya pembe iliyoko kwenye kitovu ni 6,371 gawanya kwa 6,771, na pembe yenyewe ni nyuzi 19.8 hivi. Kwa kuwa kituo huchomoza upande mmoja wa mbingu na kutua upande wa pili, pembe hiyo inakuwa maradufu, nyuzi 39.6. Kituo humaliza nyuzi zote 360 kwa takriban dakika 92 na nusu, kwa hiyo ile sehemu ya safari inayoonekana kutoka Tanga huchukua dakika 10 na sekunde chache, na hapo tumekadiria kwamba kinapita juu ya utosi. Kikipita pembeni, muda unapungua. Tumepuuza mzunguko wa dunia yenyewe, lakini wanafunzi wako wazuri watakuuliza juu ya hilo, na hapo utakuwa umeshapata kipindi kingine.

Hesabu hiyo wanafunzi wa sekondari wanaiweza kabisa. Mwanafunzi aliyeifanya kwa mkono wake haambiwi tena na mtu kwamba muda ni mfupi, anajua kwa nini ni mfupi, na ataliandaa swali lake ipasavyo.

Mazungumzo yenyewe hupitia mpango uitwao ARISS, unaoendeshwa na wanaredio wa ridhaa wa nchi mbalimbali kwa kushirikiana na mashirika ya anga. Mwanaanga wa kwanza kutumia redio ya ridhaa akiwa angani alikuwa Owen Garriott, mwaka 1983, na shule ya kwanza kuzungumza na Kituo cha Kimataifa ilikuwa karibu na Chicago, Desemba 2000, wiki chache tu baada ya wakazi wa kwanza wa kituo hicho kuingia. Sauti ya mwanaanga hushuka kwa masafa ya megahezi 145.8. Kituo kikiwa kinakuja kwenu, masafa hayo husikika yakiwa juu kwa takriban kilohezi 3.5, na kikiwa kinaondoka hushuka kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu ile ile inayofanya honi ya basi ibadilike sauti linapokupita barabarani. Anayeshughulikia redio hulazimika kuyafuata masafa hayo kwa kidole muda wote, na antena nayo huzungushwa ikikifuata kituo mbinguni.

Shule hujiunga kwa mojawapo ya njia mbili. Ama inakuwa na kituo chake cha redio pamoja na mtu mwenye leseni ya kurusha mawimbi, ambayo nchini Tanzania hutolewa na TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, ama mazungumzo yanapitia kituo cha redio cha nchi nyingine kilichozoea kazi hiyo, kisha sauti inaletwa shuleni kwa simu au intaneti. Hii ya pili ni nafuu zaidi kwa shule inayoanza. Vyovyote iwavyo, waandaaji hudai mpango wa elimu ulioandikwa, unaoonyesha wanafunzi watasoma nini kabla na baada ya mazungumzo, na ratiba hutegemea kazi za wanaanga wenyewe. Nakushauri usiwatajie watoto tarehe mpaka uwe na uhakika nayo.

Siku ikifika, wanafunzi hupanga foleni mbele ya kipaza sauti, kila mmoja husogea mara moja tu, husoma swali lake, humpa mwanaanga zamu, husikiliza jibu katikati ya mikwaruzo, na kumpisha mwenzake. Wakijipanga vizuri, maswali zaidi ya kumi hujibiwa. Hapa nina onyo moja. Tuna mazoea ya kuligeuza kila jambo la shule kuwa hafla yenye turubai, ngoma na hotuba, na mgeni rasmi huja saa aitakayo. Kituo cha anga hakimsubiri mgeni rasmi.

Sasa nimjibu mkuu wa shule. Kama shule itatumia zile dakika kumi tu, namuunga mkono kwamba hazina maana kubwa. Watoto watafurahi, picha zitapigwa, na wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka jibu hata moja. Thamani yake imo katika miezi inayotangulia: kuijenga antena ya bomba na waya, kuchora ramani ya njia ya kituo, kuchambua maswali mia mpaka yabaki kumi na tano yasiyoweza kujibiwa na kitabu cha kiada. Mazungumzo na mwanaanga yanayapa maandalizi hayo siku ya mwisho isiyoahirishwa, na mwalimu yeyote anajua jinsi ilivyo vigumu kuipata siku ya namna hiyo kwa njia nyingine isipokuwa mtihani.

Ndugu Mwandishi, mimi ni mzazi wa watoto watatu. Nakumbuka nikiwa mtoto nilisikia habari za mwalimu wa Marekani aliyekufa ndani ya chombo cha angani. Je, ni haki kuhatarisha maisha ya mtu na kutumia mamilioni ya fedha eti kwa ajili ya kuwavutia watoto wapende sayansi? — Mzazi, Nakuru

Mama au baba, maana barua yako haikusema, swali lako ni zito na sitalipunguza uzito.

Unayemkumbuka ni Christa McAuliffe, mwalimu wa masomo ya jamii katika shule ya sekondari ya Concord, jimbo la New Hampshire. Rais Ronald Reagan alitangaza mwaka 1984 kwamba raia wa kwanza wa kawaida kurushwa angani na NASA, shirika la anga la Marekani, angekuwa mwalimu, na walimu zaidi ya 11,000 wakaomba. McAuliffe alichaguliwa mwaka uliofuata, na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Idaho, Barbara Morgan, akawa msaidizi wake, tayari kushika nafasi hiyo iwapo mwenzake angepata dharura. McAuliffe alikuwa ameandaa vipindi viwili vya kufundisha moja kwa moja kutoka angani. Tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka kutoka Florida, chombo cha Challenger kilisambaratika, na watu wote saba waliokuwamo wakafariki. Wanafunzi wake walikuwa wamekusanyika shuleni wakitazama kwenye televisheni, na shule nyingine nyingi nazo zilikuwa zimeunganishwa kwa setilaiti ili watoto wamwone mwalimu akipaa.

Chanzo cha ajali kilikuwa pete za mpira zilizoziba maungio ya mojawapo ya roketi-saidizi. Asubuhi ile ilikuwa na baridi isiyo ya kawaida kwa Florida, mpira ukakakamaa, na gesi ya moto ikapenya. Baadhi ya wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walionya usiku uliotangulia kwamba chombo kisirushwe, nao hawakusikilizwa. Katika kikao cha tume iliyochunguza ajali, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira huo, akakibana kwa kibanio, akakizamisha katika glasi ya maji ya barafu iliyokuwa mezani mbele yake, kisha akakitoa na kukifungua mbele ya kamera. Mpira haukurudi haraka kwenye umbo lake. Katika mambo yote yaliyotokana na safari ile, pamoja na yale yaliyopangwa kufundishwa, sijui somo la sayansi lililo wazi kuliko hilo, na lilihitaji glasi, kibanio na barafu tu.

Unauliza kama ni haki. Kwa maoni yangu, elimu peke yake si sababu ya kutosha kumpandisha mtu juu ya roketi. McAuliffe alikwenda kwa hiari yake na aliambiwa kuna hatari, lakini wakati ule umma ulikuwa umezoeshwa kuamini kwamba safari hizo zimekuwa za kawaida kama za ndege, na kule kumpeleka mwalimu kulikuwa sehemu ya kuieneza imani hiyo. Hapo ndipo penye kosa, kwa maana watoto walialikwa kutazama jambo ambalo wakubwa wao hawakuwaeleza ukweli wake wote.

Baada ya hapo mambo yalirekebishwa. NASA iliacha kuwarusha walimu kama wageni, ikaanza kuwachukua kama wanaanga kamili wanaofanya kazi zote za chombo. Barbara Morgan alijiunga kwa utaratibu huo mwaka 1998, akaruka Agosti 2007 ndani ya chombo cha Endeavour, miaka 21 baada ya ajali. Katika safari hiyo aliendesha mkono wa roboti, akajibu maswali ya wanafunzi wa Idaho, na chombo kilibeba mbegu milioni 10 za rihani ambazo baadaye ziligawiwa shuleni ili watoto wazipande katika vitalu walivyovibuni wao wenyewe. Walimu wengine watatu waliochaguliwa mwaka 2004, Joe Acaba, Ricky Arnold na Dorothy Metcalf-Lindenburger, nao wote walifika angani. Mwaka 2018, Acaba na Arnold wakiwa na zamu katika Kituo cha Kimataifa, baadhi ya majaribio aliyokusudia kuyafanya McAuliffe yalirekodiwa hatimaye: jinsi vimiminika vinavyojikusanya, vidonge vinavyotoa povu majini, kromatografia (yaani kutenganisha rangi zilizochanganyika), na kanuni za Newton.

Kuhusu fedha, kumbuka kwamba wanaanga wanakwenda kwa sababu nyingine kabisa: utafiti, siasa, fahari ya mataifa. Shule inapopata dakika kumi zao, bei ya roketi imeshalipwa tayari. Swali la kumuuliza waziri wetu wa elimu ni la karibu zaidi: kwa nini shule zetu nyingi hazina hata kibanio na glasi?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Kitabu chetu kimeandika kuwa wanaanga huelea kwa sababu angani hakuna mvutano wa dunia. Kaka yangu anasema si kweli. Nani mkweli? Tena nimesikia kwamba zamani hapa Zanzibar kulikuwa na mtambo wa wanaanga. — Mwanafunzi, Unguja

Marahaba mwanangu. Kaka yako ndiye mkweli, na kitabu hicho si peke yake kilichokosea.

Mvutano wa dunia hupungua kadiri unavyokwenda mbali, lakini kilometa 400 si mbali. Ni pungufu ya umbali wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara. Gawanya 6,371 kwa 6,771, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 0.885. Maana yake, kwenye kimo cha kituo mvutano bado una nguvu ya asilimia 88 na nusu ya ule wa hapa chini. Kama ungeweza kupanda ngazi ndefu mpaka kule na kusimama juu ya mizani, na wewe hapa una kilo 50, mizani ingesoma kilo 44 na kidogo. Usingeelea hata kidogo. Ukiteleza ungeanguka.

Nao wanaanga wanaanguka. Kituo kinakwenda mbele kwa kasi ya takriban kilometa 28,000 kwa saa huku kikianguka kuelekea dunia, na kwa kuwa dunia ni mviringo, uso wake hujikunja chini yake kwa kiasi kile kile kinachoanguka, hata kisiufikie. Kila kilichomo ndani kinaanguka pamoja: mtu, kijiko, tone la maji. Hakuna kinachomkandamiza mwenzake, na hali hiyo ndiyo tunayoiita kuelea.

Jaribu hili nyumbani, nje, usije ukalowesha sakafu ya mama. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, itoboe kwa msumari karibu na kitako, ziba tundu kwa kidole, ijaze maji na usiifunge kifuniko. Simama juu ya kiti kilicho imara, ondoa kidole uone maji yanavyochuruzika, kisha iachie chupa ianguke. Mwombe kaka yako atazame tundu, au airekodi kwa simu. Chupa ikiwa hewani, maji hayatoki. Mvutano wa dunia haukuzimwa, bali maji na chupa vinaanguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo maji hayana tena uzito wa kuyasukuma yatoke.

Swali linalofuata, ambalo nakuachia ulipeleke darasani, ni hili: kama mizani haifanyi kazi huko, wanaanga wanajuaje kama wamekonda? Tarehe 20 Juni 2013, mwanaanga wa China Wang Yaping alilijibu akiwa ndani ya chombo cha Tiangong-1, katika kipindi kilichotazamwa na wanafunzi wapatao milioni 60. Alimfunga mwenzake, Nie Haisheng, kwenye kifaa kinachomvuta kwa kani inayojulikana, kifaa kikapima mchapuko wake, na kwa kanuni ya pili ya Newton kikatoa tungamo lake: kilo 74. Wewe unaweza kufanya lile lile kwa springi na mawe ukihesabu mitikisiko.

Na mtambo wa Zanzibar ulikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani ilijenga kituo cha mawasiliano huko Tunguu, kikiwa mojawapo ya vituo vilivyozungushwa duniani ili kusikiliza vyombo vya Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kurusha watu angani, kwa sababu wakati huo chombo kikipita nje ya upeo wa kituo kimoja kilipotea mpaka kichomoze kwa kingine. Kilikuwa kazini siku ya tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Waulize wazee wa Tunguu. Pengine wapo wanaokumbuka antena zake, na mahojiano nao yatafaa kuwa kazi ya klabu yenu.

Ndugu Mhariri, nasoma uhandisi wa umeme. Setilaiti hazihitaji mtu. Kwa nini basi tuambiwe kwamba safari za wanaanga zinasaidia elimu ya nchi zetu, wakati ambapo hatuna mwanaanga hata mmoja? — Mwanachuo, Kampala

Hoja yako ina nguvu, lakini setilaiti ya nchi yako mwenyewe ni ushahidi wa upande wa pili. PearlAfricaSat-1 iliyojengwa na vijana watatu wa Uganda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, ilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa mwezi Novemba 2022 ikiwa mzigo ndani ya chombo cha shehena, na ikaachiwa angani Desemba 2. Kabla yake, tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo 1KUNS-PF ilitoka kwa mlango huo huo, na RWASAT-1 ya Rwanda ikafuata Novemba 2019.

Mlango wenyewe ni wa maabara ya Kijapani iitwayo Kibo, iliyounganishwa na kituo. Setilaiti hizi ndogo, zenye msingi wa mchemraba wa sentimeta 10 kila upande, hupanda zikiwa zimefungwa katika vitu laini kama mizigo mingine, jambo linalozipunguzia mtikisiko wa roketi. Mwanaanga hukiweka kisanduku chenye setilaiti kwenye meza inayoteleza ndani ya chumba cha hewa, hufunga mlango wa ndani, hewa huondolewa, mlango wa nje hufunguliwa, na mkono wa roboti hukichukua kisanduku hadi mahali salama. Hapo springi huisukuma setilaiti nje. Mwanaanga hapati sifa nyingi kwa kazi hiyo, lakini bila mikono yake na maabara iliyojengwa kwa ajili yake, njia hiyo isingekuwepo.

Ni kweli kwamba setilaiti ya aina hii inaweza kurushwa moja kwa moja, na zinazoachiwa kutoka kituoni huishi muda mfupi, kwa sababu kimo ni kidogo na mabaki ya hewa huzishusha mpaka ziungue. Kwa biashara huo ni udhaifu. Kwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miaka miwili tu, anayetaka kubuni, kujenga, kurusha, kupokea data na kuandika tasnifu kabla muda wake haujaisha, ni kipimo kinachomfaa. Tatizo ninaloliona mimi linakuja baada ya hapo. Mwenye tasnifu hiyo anarudi nyumbani, je, anakuta maabara ya kuwafundishia wengine? Hilo halitengenezwi na roketi ya mtu yeyote.

Assalamu alaykum. Hapa Ghuba watoto wetu walihamasika sana wanaanga wa Emirati waliporuka. Mimi nafundisha watoto wa Kiswahili hapa mjini na ningependa kujua: ni lazima mwanaanga awe mtu wa kwenu ndipo watoto wasikilize? — Msomaji, Muscat

Waalaykum salaam. Si lazima, ila inasaidia, na inasaidia zaidi mwanzoni. Hazzaa AlMansoori alipofika kituoni Septemba 2019 kwa siku nane, na Sultan AlNeyadi alipokaa miezi sita mwaka 2023 na kuwa Mwarabu wa kwanza kutembea nje ya chombo, watoto waliwasikia wakizungumza lugha ya nyumbani na kuwaona wakila vyakula vya nyumbani. Jambo hilo hufungua masikio.

Afrika tuliwahi kulijaribu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alikwenda Aprili 2002 kwa gharama yake mwenyewe, inayotajwa kuwa dola milioni 20 hivi, na akaifungamanisha safari hiyo na kampeni ya hisabati na sayansi katika shule za nchi yake, alizozizungukia aliporudi. Pesa zilikuwa zake na moyo ulikuwa mzuri, lakini mwalimu wa hisabati hapatikani kwa ziara ya mtu mashuhuri, hata akiwa ametoka mbinguni. Septemba 2022 wanaanga wa China nao walizungumza na vijana wa nchi kadhaa za Afrika, ukumbi mkuu ukiwa Makao Makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa. Wanafunzi waliuliza, wanaanga wakajibu, wala sikuona mtu akilalamika kwamba wanaanga wale hawakuwa Waafrika.

Kwa watoto wako wa Muscat ningetafuta mwanafunzi mwenzao badala ya mwanaanga. Mwaka 2012 kijana wa Alexandria, Misri, alishinda shindano la kimataifa kwa swali hili: buibui anayewinda kwa kurukia mawindo atafanya nini mahali ambapo kila mruko unampeleka hewani bila kushuka? Buibui akapelekwa kituoni, akapewa jina la Nefertiti, mwanaanga Sunita Williams akamtunza, na ikaonekana kwamba aliacha kuruka, akawa ananyemelea na kudaka mawindo kwa kutembea. Alirudi duniani akiwa hai. Kazi ya mwanzo ya aina hiyo ni ya mwaka 1973, buibui walipopelekwa Skylab, kituo cha anga cha Marekani, kwa pendekezo la msichana wa shule wa Massachusetts. Utando wao wa kwanza ulikuwa hovyo, kisha wakajifunza. Wasimulie hayo, halafu waulize buibui wa darasani kwenu hufanyaje utando wake ukiharibiwa. Wape daftari na wiki mbili.

Mwandishi mpendwa, nafundisha darasa la sita. Hatuna maabara wala intaneti, na umeme hukatika. Haya mambo yote yanatuhusu vipi sisi? — Mwalimu, Kigoma

Mwalimu, huhitaji ruhusa ya mtu yeyote kukitazama kituo hicho kwa macho. Kinapita juu ya Kigoma kama kinavyopita juu ya Paris, kwa kuwa njia yake hufika nyuzi 51.6 kaskazini na kusini mwa ikweta. Huonekana jioni baada ya jua kuzama au alfajiri kabla halijachomoza, wakati kwenu ni giza lakini juu huko bado jua linakiangaza, na huonekana kama nyota angavu isiyometa wala kuwasha na kuzima taa kama ndege, ikikata mbingu kwa dakika chache. Mwombe mtu mwenye simu mjini akutafutie saa za mapito yake mtandaoni, uziandike ubaoni. Mara nyingine utaona kinatoweka ghafla katikati ya mbingu. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Waache watoto wabishane kuhusu sababu hiyo usiku mzima kabla hujawaambia.

Darasani fanya jaribio la kitambaa. Mwaka 2013 mwanaanga wa Kanada, Chris Hadfield, alikamua kitambaa chenye maji akiwa kituoni, kwa sababu wasichana wawili wa sekondari huko Nova Scotia waliuliza nini kitatokea. Wewe waambie watoto wachore kwanza jibu lao, kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana. Wengi watachora maji yakitawanyika matone kila upande. Kilichotokea ni kwamba maji yalijitandaza juu ya kitambaa kama bomba la jeli, yakahamia mikononi mwake na kung'ang'ania hapo, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuyashusha, na mvutano wa uso wa maji ukabaki peke yake kazini. Kisha chukua shilingi, kikombe cha maji na bomba la sindano lisilo na sindano yake, wahesabu ni matone mangapi yatakaa juu ya shilingi kabla hayajamwagika. Rudieni kwa maji yenye sabuni kidogo.

Idadi walizopata kwa maji safi na kwa maji ya sabuni ziandikwe ubaoni pande mbili, majina ya watoto yakiwa mbele yake, na atakayepata idadi tofauti sana na wenzake asikosolewe mpaka amerudia mbele ya darasa.